Josho Lenu ni Lipi?

Nimefanya kazi ya karani katika miji kadhaa, na kila mji niliouacha hunirudia kwa harufu yake. Kitale hunijia na harufu ya mahindi mabichi yaliyokuwa yakichomwa nje ya lango la hospitali. Nikiisikia popote, nainamisha kichwa.

Nilifika pale kutoka Bungoma na barua ya kuomba kazi. Niliandika kwamba Bungoma nilikuwa nikiandikisha wagonjwa kwa programu ya kompyuta inayouzwa na kampuni moja ya Nairobi. Uongo. Nilikuwa mpanga mafaili katika chumba cha nyuma. Kompyuta nilikuwa naziona nikipita.

Kitale walikuwa na programu yao wenyewe. Aliitengeneza mama mmoja wa maabara, miaka mitatu, akijifundisha saa za chakula cha mchana. Haikupendeza macho, lakini ilijua watu. Kwetu mtoto hupewa jina la msimu aliozaliwa, mvua au njaa au palizi, kwa hiyo foleni moja huweza kuwa na kina mama watatu wenye jina moja, wala hakuna anayejua tarehe yake ya kuzaliwa. Programu ile iliuliza: mama yako ni nani? Ng'ombe wenu huogeshwa josho gani? Hapo hapo mtu akapatikana.

Kisha kamati ya hospitali ikaketi kuamua: tubaki na yetu, au tununue ile ya Nairobi? Mwenyekiti, mkulima wa mahindi kutoka Moi's Bridge, alinigeukia.

"Karani, wewe si ulikuwa Bungoma? Hiyo ya Nairobi si ndiyo ulikuwa unatumia?"

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Na wagonjwa wa majina sawa? Huyu mama anasema itatusumbua."

Mama wa maabara alinitazama. Barua yangu ilikuwa kwenye faili, hatua chache kutoka pale.

"Haisumbui," nikasema. "Bungoma hatujawahi kupata shida hiyo."

"Basi! Shahidi tunaye," mwenyekiti akasema, na watu wakacheka. Mama akafunga daftari lake, akacheka nao.

Mwezi wa pili wa programu mpya, muuguzi aliita jina moja, wakasimama wanawake wawili. Wote walikuwa wameandikwa kuzaliwa tarehe moja Januari, kwa sababu mashine haikukubali nafasi tupu, na hiyo ndiyo tarehe niliyompa kila asiyejua yake. Mmoja, bibi kutoka Saboti, alikuwa ameshikilia dawa za mwenzake tangu asubuhi. Bahati yake hakuwa amezimeza. Alisema hawezi kumeza dawa na njaa.

Nilikwenda maabara na kusimama mlangoni.

"Mama, sijawahi kuitumia ile programu. Hata siku moja."

Hakuinua macho kutoka kwenye hadubini. "Najua."

"Unajua?"

"Siku yako ya kwanza uliniuliza kompyuta inawashwa wapi. Ati karani wa kompyuta, bana!"

"Mbona hukusema mbele ya kamati?"

"Niseme, ufukuzwe? Hata kiti ulikuwa hujakipasha moto." Akaandika jibu la kipimo, akachukua kioo kingine. "Mimi nilidhani utajisema mwenyewe. Nilikungojea mpaka wakafunga na maombi."

Ingalikuwa nafuu anitukane.

Kesho yake nilinunua daftari, nikaliweka kando ya ile kompyuta. Kila mgonjwa niliyemwandikisha nilimuuliza pia: mama yako ni nani, na josho lenu ni lipi? Watu walidhani ni maarifa yangu, wakanisifu. Mwenyekiti mwenyewe alipita dirishani siku moja, akafunua kurasa mbili tatu, akaniambia, "Kweli Bungoma walikufundisha."

Nikamshukuru. Nilikaa Kitale miezi minane zaidi, na siku ya kuondoka nilimwachia mama wa maabara lile daftari, bila kuwa nimekwenda kwa mwenyekiti kujisema.