Ng'washi Aenda Ngara Kutembea

Mwaka ule wa tisini na nne, Ng'washi alipowaambia wanawe kwamba anakwenda Ngara kutembea, walidhani kachanganyikiwa. Mwanamke wa umri wake, mkulima wa pamba kule Biharamulo, hutoka nyumbani kwa msiba au kumwangalia mgonjwa. Kutembea tu? Tena Ngara, ambako wakimbizi walikuwa wakimiminika na nyumba za wageni zimepanda bei kwa ajili ya watu wa mashirika ya misaada na magari yao meupe? Ng'washi hakubabaika. Tangu marehemu mumewe amhamishe kutoka Shinyanga alikuwa akisikia sifa za mji ule wa mlimani, baridi yake na ukungu wake, na hakuna aliyewahi kumwambia haya, twende. Sasa alijipeleka mwenyewe.

Nyumba za wageni hakuziwazia. Selestina, muuza ndizi wa Ngara waliyejuana mnadani, alimwahidi pembe ya kulala sebuleni kwake. Mengine aliyabeba kichwani: mkeka, blanketi, sufuria, na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani.

Mzigo huo ndio uliomponza. Lori lilimshusha njia panda, pale barabara ya Rusumo inapoachana na ile inayopanda Ngara mjini. Hata mgongo hajaunyoosha, kijana mmoja mwenye fulana ya shirika akamwamkia shikamoo bibi, akamshika mkono na kumpanga kwenye mstari wa wakimbizi. Bibi kizee, vumbi mwili mzima, sufuria na mkeka: angemdhania nani mwingine? Ng'washi akatoka mstarini. Akarudishwa. Akatoka tena. Alijieleza kwa Kiswahili chake cha Kisukuma, lakini kijana alikuwa mtu wa kuja, na kwake yeye lafudhi zote za huku zilikuwa moja. Lori la kambini likasogea, watu wakaanza kupanda.

Aliyekuwa mbele yake, Leonsia, mama wa Kinyarwanda mwenye mtoto mgongoni, akamnong'oneza apande tu, huko kuna unga na maharage ya bure.

"Najua," alisema Ng'washi. "Lakini mimi nina kwetu. Nikipanda humo nitakuwa nimesema sina."

Akatandika mkeka mbele ya lori, akaketi, akaanza kutafuna michembe. Dereva akapiga honi weee, bibi wala. Kijana akabembeleza, akafoka, akaona watu wanacheka, mwishowe akauliza kwa unyonge anataka nini hasa.

"Kuuona mji."

"Utakaa mpaka lini?"

"Mpaka nichoke. Nikichoka narudi kwangu."

Kijana akampisha. Ng'washi alikunja mkeka wake kwa maringo kabisa, hadi alipoinua macho akamwona Leonsia, ambaye sasa alikuwa juu ya lori. Yeye hakuwa akicheka. Ng'washi akaona haya. Kukataa hakukumuumiza, kilichomuumiza ni kule kutaja kwao kwa sauti kubwa namna ile, mbele ya mtu aliyeacha kwake kunaungua.

Akalisogelea lori na mfuko wa michembe mkononi.

"Nikishuka kutoka huko juu nitapita kambini kukutembelea," alisema. "Mimi mgeni, wewe mwenyeji."

Leonsia akausukuma mfuko ule umrudie mwenyewe.

"Basi njoo mikono mitupu, mama. Kwangu mgeni hali chakula alichokuja nacho."