Karatasi ya Ng'ombe Iliyonizika Nikiwa Kenol

Mjukuu wangu anafanya kazi ya kupanga makaratasi ya serikali kwa kompyuta. Si kuandika, wa kuandika wako wengine. Yeye ni kupanga: picha ikae wapi, maandishi yawe makubwa aje, rangi gani iende juu na gani iende chini. Aliponieleza mara ya kwanza nilimuuliza kama kweli kuna mtu analipwa kwa hiyo. Akaniambia, "Cucu," ndivyo ananiita mimi nyanya yake, "kwani ukipanga vikombe kwa kabati hujui chenye kinakaa mbele?" Ni ukweli. Vya maua vinakaa mbele, vya plastiki vinakaa nyuma, na hakuna mtu alinifundisha.

Ofisi yao iko Nyeri, ni ya serikali, inaangalia mambo ya wakulima na mifugo. Alikuwa amechukuliwa kwa majaribio ya miezi sita. Shida aliyokuta huko ni kwamba kila mtu alikuwa anatengeneza karatasi vile roho yake inamwambia. Wa mbegu anaweka maua ya waridi pembeni kama kadi ya harusi. Wa kuku anaandika herufi nyekundu, kubwa zote, unasoma ukifikiri umemkosea. Wa dawa ya kupe alikuwa amechukua ng'ombe wa Ulaya amesimama kwa mlima wa theluji, na mlima wenyewe si huu wetu. Akina mama wa huku kwetu Othaya wakauliza kama hiyo dawa ni ya homa.

Sasa mkubwa wa ofisi akachoka. Ni mtu wa magharibi mwa nchi, si wa huku, mpole, nadhifu sana, hata kalamu zake zinakaa zimelala upande moja. Akamwambia mjukuu wangu aandike kitabu kimoja cha sheria, kila karatasi ya ofisi ifuate hicho kitabu, na atengeneze karatasi ya kwanza ya mfano. Ikikubalika, kazi ni yake. Isipokubalika, miezi sita ikiisha arudi nyumbani kunisaidia kukata nyasi. Hakusema hiyo ya nyasi, hiyo ni mimi nimeongeza, lakini ndiyo ilikuwa maana.

Na alimpa ukurasa mzima wa vile anataka. Serikali isionekane ati inacheza. Rangi iwe zambarau, kwa sababu alama ya ofisi ni ya zambarau. Picha iwe moja, ya mtu mmoja, ndani ya duara, nyuma kusiwe na vitu vingi. Mtu asicheke. Herufi ziwe zile za kujipinda, za heshima. Jina la mtu liandikwe chini ya picha.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya kufundisha watu kukatakata nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, na kuiweka kwa shimo, ng'ombe apate chakula wakati wa kiangazi. Ilitaka picha ya mkulima. Na mjukuu wangu angetoa mkulima wapi mwingine, kama si mimi niliyemlea?

Alikuja Jumamosi na kamera. Mimi tangu asubuhi nilikuwa nimeosha ng'ombe na sabuni, nimemsugua mpaka kwato, anang'aa kama gari ya mheshimiwa. Ati ng'ombe hatakikani. Nikamuuliza, "Karatasi ni ya ng'ombe na ng'ombe haingii?" Akasema sheria ni mtu mmoja na nyuma kuwe wazi. Nikaenda nikavaa nguo ya kanisa na kitambaa cheupe cha chama cha akina mama, nikakaa kwa kiti mbele ya pazia. Sasa kutocheka ndiyo ilikuwa kazi. Nikiona hiyo kamera, nacheka. Nikifunga mdomo, mabega inacheka. Mwishowe akaniambia nifikirie kitu cha kuhuzunisha. Nikafikiria bei ya chakula cha ng'ombe, na uso ukanyooka mara moja. Akapiga.

Chini ya picha akaweka jina langu. Na ndiyo watu wajue mimi si mkulima wa jana, akaandika mwaka nilionunua ng'ombe wa kwanza, akaweka kistari, kisha mwaka huu. Nikaona ni sawa. Nani angeona kitu?

Jumatatu nikaenda Kenol kumwona dada yangu mdogo, alikuwa ameteguka mguu. Simu nikaisahau kwa meza. Jumanne ilikuwa siku ya soko Othaya, na hizo karatasi, zilizochapishwa mbio Jumatatu hiyo hiyo, zikafika, mabunda kwa mabunda, zikagawanywa sokoni na pale tunapeleka maziwa.

Sasa lazima nieleze, kwa sababu kuna mtu atasoma hii na hajui huku kwetu. Mtu akifa, watu wake wanamtengenezea programu ya mazishi. Ni karatasi nzuri ya kukunjwa, zambarau pembeni. Katikati ni picha yake ndani ya duara, amevaa nguo ya kanisa. Chini ni jina na herufi za kujipinda. Halafu mwaka aliozaliwa, kistari, mwaka aliotuacha. Na hiyo karatasi haitupwi. Unaikunja, unaiweka kwa Biblia, unakaa na mtu wako hapo. Biblia yangu haifungi vizuri kwa sababu ya watu.

Kwa hivyo mtu akipewa ile karatasi sokoni, anaona mimi, anasema woi, anaikunja, anaiweka kwa kiondo. Hakuna mmoja alifungua ndani. Na huku kwetu haupigi simu kuuliza kama ni kweli mtu ameenda. Hiyo ni aibu, ni kama unabishana na Mungu. Unachukua sukari na majani chai, unaenda.

Nilirudi Alhamisi mchana na mananasi mawili kwa mfuko. Kutoka mbali nikaona moshi jikoni kwangu. Nikafikiri ni moto. Nikaharakisha. Kufika kwa lango, boma imejaa. Viti vya kanisa vimepangwa, akina mama wa chama wanamenya viazi, sufuria yangu kubwa iko kwa moto na mimi sijampa mtu ruhusa. Na mbele amesimama jirani yangu wa upande wa chini, ambaye tulikuwa tumemaliza mwaka hatusalimiani, tangu mbuzi zake ziingie kwa mboga yangu ya sukuma. Anaongea na leso kwa mkono.

"Huyu mama alikuwa na roho safi," anasema. "Mbuzi zangu zilimaliza mboga yake yote, na hakuwahi kuniambia neno."

Ni ukweli sikumwambia neno. Neno nilikuwa nimeambia watu wengine wote.

Nilisimama pale nyuma kwa ua nikasikiza mpaka mwisho. Maneno mazuri hivyo huwezi kukatiza. Akasema napika vizuri. Akasema sikuwa na wivu. Nilipoona sasa anataka kuomba, nikaona Mungu asihusishwe, nikaingia na mananasi yangu. Mmoja wa chama aliangusha kisu kwa maji. Wengine walisimama kama miti. Huyo jirani akaniangalia juu mpaka chini, akaniuliza kwa ukali, kama mimi ndiye nimekosa:

"Sasa wewe umetoka wapi?"

"Kenol," nikamwambia.

Wakaniletea karatasi. Nikajiona. Hata mimi, wacha niseme ukweli, moyo ulishtuka kidogo, nilikuwa nimekaa kama mtu amepumzika. Nikafungua ndani, nikampa mwenye anajua kusoma vizuri asome kwa sauti, na hapo ndipo Othaya ilijua mara ya kwanza vile nepia inakatwa na kushindiliwa kwa shimo. Walisikiza kabisa, si viti vilikuwa vimepangwa. Kisha tukakula, chakula kilikuwa kimeiva. Jirani aliketi karibu nami lakini hakurudia yale maneno.

Mimi nilifikiri imeisha, ni ya kucheka. Kumbe chifu alikuwa amepiga simu ofisini Nyeri kuuliza mazishi ya yule mkulima wa serikali ni siku gani, apange hotuba. Jioni mjukuu wangu akanipigia, analia mpaka nilikuwa nasikia kamasi. Mkubwa ameita mkutano Jumatatu. Kitabu kinatupwa, na yeye anaambiwa asante, aende. Nikamuuliza mbona hamwambii ni yeye mwenyewe alisema zambarau, na duara, na asicheke.

"Cucu," akasema, "mkubwa haambiwi hivyo mbele ya watu."

Na kuheshimu wakubwa ni mimi nilimfundisha. Nilikaa na hiyo mambo siku tatu. Kama ningeenda nikamwaibisha huyo mtu, mtoto angepoteza kazi mara mbili.

Jumatatu nikachukua Biblia, nikatoa watu wangu wote, kumi na mbili, nikawafunga na kitambaa, nikaenda Nyeri. Askari wa langoni alikuwa na ile karatasi kwa meza yake. Aliniangalia, akaangalia karatasi, akafungua lango. Kitambulisho hakuniuliza.

Walikuwa wameketi kwa meza ndefu, watu sita, na chai. Mjukuu wangu alikuwa mwisho kabisa na kile kitabu chake mbele, mikono juu yake kama mtu amefunika chakula nzi wasiingie. Mkubwa alisimama kunisalimia, akaniita Mama, akaniomba msamaha kwa niaba ya serikali. Mtu wa adabu. Kisha akaanza kusema mambo ya aibu na jina la ofisi, na vile kazi ya haraka inaharibu, na nikaona anaelekea kwa mtoto wangu. Nikaomba dakika moja.

Nikafungua kitambaa, nikapanga watu wangu kwa meza, na mimi wa karatasi ya nepia nikajiweka katikati yao. Zambarau kwa zambarau. Nikamwambia, "Baba, nichagulie ya serikali."

Akanyoosha mkono bila kufikiri, akachukua moja.

"Huyo ni mwalimu wa watoto kanisani," nikamwambia. "Huyo tulimzika kweli."

Akairudisha polepole. Akachukua nyingine.

"Huyo alikuwa mnunuzi wa kahawa. Pia yeye."

Wote walikuwa wanaangalia vikombe. Aliyeanza kucheka ni mama wa chai pale mlangoni, akatoka nje kumalizia huko. Mkubwa hakucheka. Alizipitia moja moja mpaka akanipata, akanishika na mikono miwili, akaniangalia, akaangalia wenzangu.

Nikamwambia, "Hizo sheria hazina makosa. Hata wale wa kutengeneza programu wanazifuata, kwa sababu na wao wanataka heshima. Ulitaka heshima na umeipata. Lakini heshima ya aina hii, huku kwetu mtu anapewa mara moja."

Sikusema ni nani alisema zambarau. Sikumwangalia hata, niliangalia sukari. Mkubwa akavua miwani akaipangusa na tai.

"Zambarau ni mimi," akasema. "Na duara ni mimi. Na kutocheka. Huyu msichana aliandika vile nilimwambia." Akanigeukia. "Sasa Mama, mtu mzima wa afya akae aje kwa karatasi?"

Walikuwa wameniuliza, kwa hivyo niliwaambia. Mkulima awe anafanya kitu, ameshika panga au ndoo. Ng'ombe awe hapo, ni karatasi yake. Mtu kama anataka kucheka, acheke, meno yakiwa machache ni yake. Hakuna duara. Miaka isiandikwe na kistari, kistari ni cha wale wamemaliza. Na zambarau kama ni lazima, iwe kidogo, kwa ile alama tu, lakini pembeni kuwe kijani kama shamba. Mjukuu wangu alikuwa anaandika mbio, machozi bado kwa shavu lakini mkono unaenda.

Nikawaambia na ingine moja. Karatasi kabla haijachapishwa, ipelekwe sokoni, ionyeshwe watu watano wenye wana haraka, wenye wamebeba mzigo, waulizwe hii ni nini. Isifunguliwe ndani. Mmoja tu akisema pole, irudi ofisini.

Walikubali. Siku hiyo hiyo wakaanza kuiandika kwa kitabu, na mmoja wao mwenye shahada akaitengeneza vizuri kwa maneno marefu, ati wadau na uhakiki na taswira. Akanisomea. Nikamwambia imependeza lakini sijasikia kitu, na hiyo maneno ni yangu. Wakacheka. Mkubwa akamwambia mjukuu wangu, "Iandike wewe. Kitabu ni chako, na utakaa nacho hapa."

Nilimwona akiinua kichwa. Hakuna mtu alipiga makofi, walimwaga chai ingine tu. Akafuta yale yote marefu, akachapa mistari miwili, akageuza kompyuta upande wangu. Mimi niliacha shule darasa la tatu, nasoma na kidole. Nikaweka kidole kwa kioo, akaniambia nisiguse, nikagusa tu. Ilikuwa imeandikwa: Mtu aliye hai aonekane yuko hai. Uliza sokoni kwanza.

Nilisoma mwenyewe mpaka nukta.