Utomvu Kwenye Shati la Shemeji

Mimi ni mtoto wa migombani. Nimekulia Mbuba, na doa la utomvu wa mgomba hakuna wa kunifundisha. Likishaingia kwenye nguo halitoki, linabaki na rangi ya kahawia mpaka nguo inakuwa tambara. Kwetu hakuna anayejisumbua kulifua.

Nilikuwa mpelelezi wa polisi Ngara wakati mjane mmoja wa Ntobeye alipokatwa panga begani, mchana kweupe, akipalilia maharage. Alikatwa kwa nyuma, hakumwona mtu. Hata hivyo alimtaja shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa akigombania naye mpaka wa shamba. Nyumba zao zilitazamana.

Jioni ya siku hiyo shemeji nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Kifuani shati lake, bado jipya, lilikuwa na madoa ya kahawia. Mwenzangu, Msukuma wa Shinyanga, akataka tulichukue.

Nikamcheka. "Wewe ng'ombe unawajua, migomba niachie mimi. Huo ni utomvu."

Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wake. Shati tukaliacha.

Siku ya tatu nilikwenda hospitali kuandika maelezo ya mjane. Nikamweleza habari ya utomvu. Akanikazia macho.

"Utomvu wa wapi, mwanangu? Migomba yake yote si iliuawa na ugonjwa wa mnyauko tangu mwaka juzi? Aling'oa mpaka visiki."

Nilisikia aibu mpaka masikioni. Ujuaji mwingi mbele giza. Nilitazama shati, sikutazama shamba.

Tulirudi mbio. Shati lilikuwa bado linaning'inia ukutani, halijafuliwa. Shemeji naye aliamini kila mtu ataona utomvu. Safari hii nilifanya kazi kama inavyotakiwa: bahasha ya karatasi, maana damu ikifungwa kwenye nailoni huoza, lakiri, saini za mashahidi, kisha maabara ya serikali Mwanza. Majibu yakaja: damu ya binadamu, na vinasaba ni vya mjane. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Mahakamani, wakili wa shemeji hakubishana na maabara hata kidogo. Aliniuliza swali moja tu: katika siku zile tatu, kitenge alichovaa mjane siku ya tukio, kilichojaa damu, kilifuliwa wapi?

Nilijua. Mke wa shemeji ndiye aliyekifua kwa ujirani, uani kwao, karibu na shati liliponing'inia.

"Unaweza kuapa kwamba damu haikuingia kwenye shati siku hizo?"

"Siwezi," nikasema.

Ningeweza kudanganya. Sikudanganya, na nikiulizwa tena leo nitajibu vilevile. Maabara ilifanya kazi yake. Aliyeharibu ni mimi, niliyeliacha shati pale siku tatu. Hakimu akamwachia huru mshtakiwa.

Nilimfuata mjane nje, mkono wake bado umefungwa shingoni. Nikamwambia wazi kwamba kosa ni langu, si la mahakama. Hakunilaumu. Alikuwa akimtazama shemeji yake anapanda bodaboda kurudi Ntobeye.

"Sasa, mwanangu," akaniuliza, "mimi narudi wapi?"