Shemeji Aliyekuja Bila Koti

Msinitazame hivyo. Sikuwa nimekunywa, sikuwa na homa, na ndoto nazijua zilivyo. Haya niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, hapa hapa Hjulsta, Sweden, ghorofa ya tatu, Januari ya mwaka themanini na sita, wiki ambayo Kampala ilikuwa ikipiganiwa mtaa kwa mtaa.

Mimi ni mtu wa Bukoba, lakini niliolewa Kampala. Mume wangu alikuwa mwalimu. Alichukuliwa na watu wenye gari lisilo na namba, hakurudi tena. Nikakimbia. Binti yetu Adela, wa miaka sita, nikamwacha kwa shemeji yangu Gervasi, kaka wa marehemu, maana njia niliyopita mimi haikuwa ya mtoto. Sasa karatasi za kumleta Sweden zilikuwa zimeshatoka, na mji ndio ukafungwa. Simu hazipiti. Kila nikitoka kazini, kwenye nyumba ya wazee kule Spånga, nilikuwa naikumbatia redio mpaka kichwa kinauma.

Siku hiyo nilirudi saa kumi jioni, na mnaijua Januari ya huku: saa kumi ni giza totoro. Nikamkuta Gervasi amesimama mlangoni kwangu. Shati la mikono mifupi, ndala miguuni, na nje theluji imefika magotini. Mtaniuliza, hukushtuka? Nilishtuka kwa furaha! Wakimbizi wangapi tuliwapokea hapa wakiwa na shati tu? Nikajua ametoroka vita, polisi wa uwanja wa ndege wamempa anwani yangu. Kwamba ndala zake zilikuwa kavu, zina vumbi jekundu, niliona. Haki ya Mungu niliona. Sikutaka tu kulifikiria.

Nikamwingiza ndani, nikafunga mlango kwa mnyororo kama kawaida yangu.

"Mtoto?" nikamuuliza.

"Mzima, shemeji." Sauti ilikuwa yake, ila ya chini, kama ya mtu anayezungumza chumba cha pili. "Nimemtoa mjini jana. Nimemwacha kwa..."

Nikamkatiza. Mungu anisamehe, nilimkatiza! Kusikia tu mtoto ni mzima, nikapiga vigelegele huku machozi yananitoka. "Basi, shemeji, mengine baadaye. Kaa utafune buni kwanza."

Kwetu, na kwa Waganda pia, mgeni hahojiwi akiwa na njaa. Unampa buni za kahawa zilizokaushwa atafune, unampikia, akishiba ndipo anatoa habari za alikotoka. Mama yangu angenichapa kwa kumhoji mgeni aliyesimama. Nikamwekea buni kiganjani. Akazitazama tu.

"Sina muda, shemeji," akasema.

Nikacheka. Muda? Mkimbizi wa Sweden ana nini zaidi ya muda? Nikaingia jikoni kukaanga samaki.

Aliniita mara mbili, nikamsikia vizuri. Mafuta yanalia kikaangoni, nami namjibu, "Nakuja, nakuja!" Mara ya tatu hakuita.

Nilipotoka na sahani, kiti kilikuwa kitupu na buni ziko sakafuni. Mnyororo wa mlango ulikuwa bado umefungwa kwa ndani. Niambieni, mtu anatokaje halafu anafunga mnyororo kwa ndani? Nikafungua mlango wa roshani: theluji laini, hata unyayo mmoja hakuna. Nikaita jina lake mpaka jirani akagonga ukuta.

Barua ilifika wiki tano baadaye, mji ulipotulia. Jirani yao wa Kampala aliandika kwamba Gervasi aliondoka na Adela mgongoni, akarudi kesho yake peke yake, na asubuhi hiyo hiyo akapigwa risasi kwenye kizuizi cha barabarani. Nikahesabu siku. Ni ile ile aliyosimama mlangoni kwangu. Mtoto alimpeleka wapi, hakuna aliyejua. Hakumwambia mtu, asije mtu huyo akakamatwa akasema.

Padri mmoja wa Jakobsberg aliniambia ulikuwa uchovu. Sawa, baba. Uchovu ulijuaje kwamba mtoto ametolewa mjini, kabla barua haijaandikwa?

Nimekwenda Uganda mara nne. Nimepita nyumba za masista, shule, vijiji vya barabara ya Masaka, picha mkononi. Wananionyesha wasichana wazuri, si wangu. Sasa ni mtu mzima, na huenda anaitwa jina jingine.

Kwa hiyo nawaonya, nyinyi hasa mliotoka kwenye nchi zinazopigana. Akija mtu wenu ghafla, amevaa nguo zisizo za baridi hii, msikimbilie jikoni. Adabu iwekeni kando. Mwacheni hapo hapo mlangoni na njaa yake, aseme mpaka amalize. Wangu alikuwa amebakiza jina la mahali tu.