Albamu Iliyoisha Kabla ya Chai

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba picha nzuri ni ile isiyo na doa. Si kosa la kumpeleka mtu jela, lakini liliniaibisha mbele ya wakwe watarajiwa wa dada yangu, na aibu ya mbele ya wakwe mimi naona ni afadhali jela, maana huko angalau hupewi chai ukiwa umeinamisha kichwa.

Nitalieleza, ila kwanza turudi nyumbani kwetu Elburgon, enzi zetu. Najua wengine mtacheka kusikia mtu ambaye bado hajaota mvi akisema enzi zetu. Chekeni. Kama uliwahi kupigwa picha ukiwa umeshika thamosi ya chai, wewe ni wa enzi zetu na hatuhitaji kuulizana miaka.

Siku ya picha ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, na ilijulikana mapema kwa sababu mama alianza kututisha tangu Alhamisi. Tulisuguliwa magoti kwa jiwe. Tulipakwa mafuta hadi inzi akitua usoni anateleza. Halafu nyumba ilihamia nje: viti vya sebuleni na vitambaa vyake vya kufuma, meza ndogo, redio isiyokuwa na betri, maua ya plastiki, na thamosi. Mtu akipita barabarani angedhani tumefukuzwa na mwenye nyumba. Vyote hivyo vilipangwa kwenye nyasi mbele ya nyumba yetu ya mbao, ile harufu ya unga wa mbao kutoka kiwanda cha kupasua mbao ikiwa imekolea hewani, na sisi tukapangwa katikati kama bidhaa.

Mpiga picha tulimwita Fleshi. Alikuwa mwembamba, mwenye koti lenye mifuko mingi ambayo sikuwahi kumwona akitoa kitu humo. Kanuni yake ilikuwa moja: jua liwe mgongoni mwake na machoni mwetu. Ndiyo maana katika picha zote za utoto wangu ninaonekana kama mtu anayesoma maandishi madogo yaliyo mbali.

Baba hakupigwa picha. Alifanya kazi kwenye mashine ya kupasua mbao na alikuwa na msimamo wake. "Uso wangu uko kwa kitambulisho," alisema. "Serikali ikinitaka itanipata." Lakini hakukosa hata siku moja. Alisimama kando ya Fleshi, kofia yake pana kichwani, mkono kiunoni, akisimamia kazi utadhani ni yeye aliyevumbua kamera.

"Wewe, funga mdomo! Unataka inzi waingie kwa picha?"

"Fleshi, ngoja, huyu amelegea. Simama kama mtu amekula!"

Na ilikuwa marufuku kucheka. Siku hizi mpwa wangu hujipiga picha zaidi ya arobaini akiwa ameuma mashavu kwa ndani, akachagua moja, na hiyo moja anaipaka maua na masikio ya paka. Sisi tulipewa nafasi moja. Ukipepesa macho, ulibaki umepepesa mpaka leo. Dada yangu Wambui ana Krismasi nzima ambayo anaonekana amelala akiwa wima.

Filamu ilipelekwa Nakuru kuoshwa, na tulingoja hadi tukasahau tulikuwa tumevaa nini. Picha zikirudi ziliingia kwenye albamu, na hapo ndipo kazi yake halisi ilipoanza. Mliolelewa kwetu mnajua. Mgeni akifika, hata kabla hajakaa vizuri, anawekewa albamu mapajani. Mama anakimbilia jikoni kupigana na kuni mbichi, na albamu inamshikilia mgeni hadi chai ichemke. Ilikuwa kama kumfunga mgeni kamba, ila kwa adabu. Chai ikiiva, mama anakuja kukaa karibu naye na kuanza upya kutoka ukurasa wa kwanza, akieleza. Huyu mtoto aliyesimama kando na kiatu kimoja cha gambuti si wetu, ni wa jirani, aliingia tu. Huyu mbuzi ndiye alikula kitambaa hiki unachokiona. Hivi viatu nilikuwa nimeazima. Mgeni alicheka, akaongezewa chai, jua likazama.

Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Albamu ikabaki juu ya kabati, na wageni wakaendelea kufungwa kamba, mimi nikiwa mbali, shuleni kisha Nakuru.

Sasa basi. Msimu wa mvua uliopita, bati liliachia pale pale juu ya kabati. Mama alipogundua, kurasa zilikuwa zimegandana na picha zimevimba kama mandazi. Ingekuwa wakati mwingine tungehuzunika taratibu, lakini Wambui alikuwa amepata mchumba kutoka Dundori, na shangazi wa huyo mchumba alikuwa anakuja kutuona kabla ya mazungumzo rasmi. Mama alinipigia simu nikiwa Nakuru ninakoishi.

"Huyo mama nitampa nini ashike?"

"Mama, si mtamwonyesha tu kwa simu?"

"Kwani mimi nauza simu? Tengeneza albamu."

Mtu wa kawaida angetengeneza albamu. Mimi si mtu wa kawaida. Mimi ni yule mtu anayerudi kuhakikisha amefunga mlango, kisha anarudi kuhakikisha kwamba alihakikisha. Kuhariri picha nilijifunza mwenyewe, kwa kutazama video za watu wanaoongea haraka, na kwa hiyo sikuwa na mwalimu wa kuniambia inatosha. Nilizibandua picha kwa mvuke wa sufuria, nikaziskani moja moja ziingie kwenye kompyuta, kisha nikaanza kutafuta wa kuzichapisha. Nilisoma maoni ya wateja mtandaoni mpaka nikawa nawajua wateja wenyewe. Yule aliyelalamika kila mahali kuhusu bahasha iliyokunjwa nilimwona kama ndugu.

Niliamua kuwajaribu kwa picha moja, ile ya Wambui aliyelala wima. Kampuni ya kwanza, ya kuagiza kwa simu, ilituchapisha tukiwa wekundu, familia nzima kama nyanya zilizoiva. Ya pili ilikuwa studio ya hapa mjini, ghorofani. Walikata picha juu ili iingie kwenye karatasi, na mimi nikabaki bila paji la uso.

"Boss, si hata nusu ya kichwa inatosha?" kijana wa kaunta aliniuliza, bila utani wowote. "Si unajua ni wewe?"

Ya tatu ilikuwa ya mtandaoni, ya vitabu vya picha vyenye jalada gumu, wanakuletea hadi mlangoni. Karatasi nzito, rangi tulivu, kingo zimenyooka. Na kwenye ukurasa wa kuagizia kulikuwa na kisanduku kidogo ambacho tayari kilikuwa kimewekwa alama: boresha picha zangu. Nilikiangalia kisanduku kile kama mtu anayeona jina lake limeandikwa ukutani. Nilikiacha na alama yake. Lakini sikuwaamini kuboresha peke yao, kwa hiyo nilianza mimi.

Nilimtoa mtoto wa gambuti. Nilimtoa mbuzi. Niliondoa tarehe nyekundu pembeni, nikanyoosha ua uliopinda nyuma yetu, nikafungua macho ya Wambui kwa kuazima macho yake ya picha nyingine. Na pale chini kwenye nyasi, karibu kila picha ilikuwa na vivuli viwili vya watu vilivyoingia hadi miguuni mwetu. Kimoja kilikuwa na viwiko vilivyotokeza kama kikombe chenye mikono miwili. Kingine kilikuwa kipana kwa juu. Nikavifuta vyote viwili, picha baada ya picha, nikaotesha nyasi mahali pake. Nyasi zilitoka vizuri. Nilijisifu kwa nyasi zile.

Kitabu kilifika kikiwa kinanukia upya. Nilikipeleka Elburgon mwenyewe, nimekifunga ndani ya taulo kama mtoto mchanga. Zile picha zilizovimba nilimrudishia mama, nikamwambia azichome sasa. Alisema sawa, ile sawa ya mama zetu ambayo mtu mzima anajua maana yake ni hapana.

Shangazi wa Dundori alikuja siku hiyo hiyo, mama mnene mwenye kilemba na sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka mbali. Alikaa, akapewa kitabu, mama akaenda jikoni. Nikasimama mlangoni kungojea sifa.

Akafungua. Akafungua ukurasa mwingine. Hakukuwa na karatasi ya nailoni ya kubandua kama kwenye albamu ya zamani, hakukuwa na mbuzi wa kuuliza habari zake. Kabla maziwa hayajapanda alikuwa amemaliza, amekifunga, amekiweka mezani.

"Ni kizuri," alisema. "Nyumba yenu ilikuwa safi sana."

Kisha akaweka mikono mapajani na kuanza kutazama dari, moja kwa moja pale penye alama ya maji. Wambui alinitazama kwa macho ambayo sikuwa nimemwazimia mimi. Katika historia ya nyumba yetu hakuna mgeni aliyewahi kumaliza albamu kabla ya chai. Tukabaki tukisikiliza kuni zikilia jikoni.

Mama alipokuja na chai alikaa karibu na mgeni, kama kawaida yake, akafungua ukurasa wa Krismasi. Akapeleka kidole moja kwa moja chini kwenye nyasi bila hata kutazama, maana kidole kile kilijua njia.

"Na hapa sasa ndiye..."

Akainamisha uso karibu na karatasi. Akafungua ukurasa mwingine, kidole chini. Mwingine.

"Baba yenu ameenda wapi?"

"Mama, baba si hakuwa anapigwa picha," nilisema.

"Alikuwa hapa. Na kofia."

Wambui alielewa kabla yangu. "Haki, wewe jamaa," alisema polepole. "Umemfuta mzee."

"Kilikuwa kivuli!"

"Kwani ulidhani ni cha nani?" mama aliuliza. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. "Alisimama hapo miaka yote, akiwapigia kelele."

Nilitamani ardhi ipasuke, lakini nilikuwa nimeiotesha nyasi nzuri mno.

Shangazi wa Dundori ndiye aliyetuokoa. "Mnasema mzee alikuwa na kofia gani?" aliuliza, akivuta kiti karibu.

Mama akaingia chumbani, akarudi na mkebe wa biskuti. Ndani yake zilikuwa picha zote nilizomwambia achome, zimejikunja, zina madoa ya kahawia kama ramani. Alizimwaga juu ya meza kati ya vikombe. Na katika kila moja, chini ya miguu yetu, baba alikuwepo: kofia pana, mkono kiunoni. Mama akaanza kueleza. Mbuzi akarudi. Mtoto wa gambuti akarudi. Shangazi akasema marehemu mume wake naye alikuwa wa kusimamia hivyo hivyo, hata mtu akipika uji. Alicheka mpaka kilemba kikalegea. Chai ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Alipoondoka jua lilikuwa limezama, na mipango ya harusi, nashukuru, imeendelea vizuri.

Picha zenyewe sikuwa nimezipoteza, maana mtu mwenye wasiwasi hafuti kitu. Nakala za kwanza zilikuwa kwenye kompyuta, kama zilivyotoka kwenye mvuke. Niliagiza kitabu kingine kutoka kwa kampuni ile ile, kwa sababu kosa halikuwa lao. Safari hii msichana wao mmoja alinipigia simu.

"Sasa boss. Kwa hizi picha zako kuna kivuli fulani hapo chini, kinajirudia. Tukutolee?"

"Usiguse," nilisema. "Huyo ni mzee."

"Sawa. Na mbuzi?"

"Mbuzi pia abaki."

Enzi zetu mgeni alipewa albamu, leo anauliza nywila ya intaneti. Enzi zetu tulikuwa na picha chache, kila moja ikiwa na hadithi ya kutosha chai mbili. Leo simu yangu ina maelfu, na sijui hata moja ningemweleza mtu mpaka maziwa yapande. Katika zile za mama, mimi mwenyewe natazama jua nikiwa nimekunja uso, na mtu nisiyemwona vizuri amesimama mbele yangu akinikemea nifunge mdomo.

Siku hizi naagiza picha kwa kampuni ile ile, kwa karatasi ile ile. Kile kisanduku cha kuboresha naondoa alama yake kwanza, na kabla sijatuma chochote, namuuliza mama ni nani yuko pale chini.