Shuka la Harusi Ukutani

Mume wangu Makungu ana wazimu wa mawe, na mimi ndiye niliyeolewa na wazimu huo. Kwetu Unguja alikuwa fundi wa nyumba za kale. Hapa Birmingham kabeba maboksi mtaa wa Nechells miaka mingi, akinung'unika, mpaka akapata kazi ya majaribio: kukarabati ghala kongwe la mawe, shambani pembezoni mwa mji.

Siku aliyonipeleka kuliona, weee! Kuta nene, mawe mekundu, matundu membamba ya kupitisha upepo nafaka isioze. Milango miwili inatazamana, mkokoteni uliojaa unaingia huku unatokea kule. "Tazama, Jokha! Chokaa tupu! Saruji hakuna hata chembe!" Mtu mzima na mvi zake anarukaruka!

Alipewa pembe moja iliyobomoka aijenge upya. Ikisimama, kazi ni yake. Ikiharibika, anarudi kwenye maboksi.

Siku aliyoimaliza, alasiri, yuko nyumbani Small Heath anakunywa chai kwa raha zake. "Nimeimwagia maji ya kutosha," ananiambia. Kwetu chokaa mbichi hunyweshwa maji, jua lisiipasue. Nikatazama simu: usiku barafu.

"Makungu! Jua gani la Novemba hili? Maji yakiganda humo ndani, chokaa si itamumunyuka yote?"

Kikombe kikamponyoka.

Nikagonga kwa jirani yetu Sagal, akanipa mablanketi bila kuuliza. Bethuel, Mkenya wa ghorofa ya juu, akaleta gari. "Mama, ingieni, hii baridi haitungoji!" Njia nzima Makungu anahema, mimi namgombeza.

Tulifika jua halijazama. Tukafunika, tukafunga kamba, mablanketi yakaisha, sehemu ya juu ikabaki wazi. Nikatoa kwenye begi shuka langu la harusi, zito, la kutarizi, ambalo hata wageni wa heshima hawajalilalia.

"Jokha, hilo?"

"Funika, usinitazame!"

Asubuhi tukarudi, nyasi zote nyeupe kwa barafu. Msimamizi wake, Brigid, akainua shuka, akaibonyeza chokaa kwa kidole gumba. Roho yangu mkononi, wallahi. Haikumumunyuka! Brigid akacheka, akamwambia Makungu Jumatatu aanze ukuta wa nyuma.

Nilipiga vigelegele mpaka kondoo wakatimka. Makungu machozi yanamtoka, anataka kulikunja shuka langu, limejaa madoa ya chokaa. "Limeharibika, mke wangu."

"Liache hapo hapo," nikamwambia. "Leo usiku pia kuna baridi."