Mtwanga Tairi

Kaka yake alitengeneza fimbo za gofu ambazo mpini umechomekwa katikati ya kichwa badala ya pembeni, kama nyundo. Wachezaji waliziita nyundo za mwendawazimu, kisha wakazinunua, maana hata ukigonga mpira kombo, kichwa hakipinduki mkononi. Karakana ilikuwa ya watu watatu: kaka mtu, mchomeleaji mwenye kikohozi, na yeye, dada mtu, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga.

Alipiga tairi la lori lililoning'inizwa kwa mnyororo uani. Hakuna fimbo iliyouzwa kabla hajaitwangia tairi mpaka jasho limtoke; ikilegea, inarudi kwenye moto. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mtwanga. Alikuwa na mabega ya mbeba magunia, na mdomo wa kuyatosha.

"Leo unampiga nani?" mchomeleaji alizoea kumuuliza.

"Shemeji."

Jibu lilikuwa hilo hilo, na kicheko hicho hicho. Kicheko kilikufa siku mdogo wake wa kike alipoingia kwa mlango wa uani, jicho limefumbwa na uvimbe, meno mawili kiganjani. Walimficha stoo, nyuma ya magunia ya mkaa.

Shemeji mwenyewe akafuata, bomba la chuma mkononi. Alianza na mchomeleaji: pigo moja la mbavu, mtu akakunjika kama jamvi. Kaka mtu akaziba mlango wa stoo.

"Shemeji, tuongee kiutu uzima."

Bomba likamjibu kwenye taya. Damu ikarukia vichwa vya fimbo vilivyopangwa mezani.

"Nipeni mke wangu!"

"Mke gani?" Mtwanga akasema akitokea uani, fimbo mkononi. "Ulichotuletea ni nyama ya kusaga."

"Nawe jike dume, zamu yako imefika!"

Akainua bomba. Mtwanga alilenga bomba hilo. Alitaka limdondoke tu. Lakini alizoea kupiga kitu kinachongoja, na shemeji hakungoja. Fimbo ikampata chini ya kiwiko, kombo kabisa. Nyingine yoyote ingepinduka. Hii haikupinduka. Mfupa ukalia kama ukuni mkavu, ncha yake ikachungulia nje ya ngozi. Shemeji akaanguka akimlilia mama yake, yeye ambaye mkewe akilia mama humwongezea kipigo.

Polisi walikuja, wakatazama taya, mbavu na jicho, wakaenda kumfunga pingu kwenye kitanda cha hospitali, kwa mkono uliobaki mzima.

Kesho yake Mtwanga alisimama mbele ya tairi.

"Leo unampiga nani?" mchomeleaji akauliza, ameshika mbavu.

Alipiga mara moja, akaishusha fimbo. Tairi hukurudishia pigo lako. Mkono wa mtu haurudishi, unalimeza lote. Jana alilisikia likizama na, Mungu amsamehe, lilimpendeza. Hilo ndilo lililomfanya aishushe fimbo.

Mdogo wake akatoka stoo, akamtoa fimbo mkononi.

"Lete, dada. Wewe ulishapiga ya kwako."

Akalivamia tairi kwa jicho moja, bila shabaha wala huruma, hadi mnyororo ukapiga kelele za kuomba radhi. Kaka mtu akachungulia, taya limefungwa bandeji.

"Polepole, mama," akasema kwa meno yaliyobanwa. "Hiyo ina mteja."

"Akija," akajibu bila kusimama, "mwambie angoje."